MASWALI MANNE KABLA YA KUAGIZA PAMPU
Somo juu ya kutafuta hitilafu katika mfumo wa mwendo wa katapila dogo

Watumishi wa Serikali, masheha na wananchi kwa jumla wanaarifiwa kwamba ukurasa huu umetengwa safari hii kwa somo linalohusu katapila dogo, yaani mashine ya minyororo inayosukuma udongo, na namna ya kuitafuta hitilafu pale mashine hiyo inapokataa kwenda, inapokosa nguvu au inapovuta upande mmoja.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza: mambo haya si ya fundi? Karani wa manunuzi, mhasibu na sheha yanawahusu nini? Jibu ni kwamba fundi ndiye anayefungua nati, lakini saini inayotoa fedha si ya fundi, na barabara inayosubiri kufunguliwa ni ya watu wote. Pampu ya haidroliki ni miongoni mwa vipuri ghali kabisa vya katapila. Aghalabu huagizwa ng'ambo, huvuka bahari na hukaa siku nyingi njiani. Ikifika, ikafungwa, na mashine ikaendelea kuvuta upande ule ule, basi fedha za umma zimekwenda, masika yameingia, na njia ya kwenda hospitali na skuli imebaki tope. Hasara ya namna hii mara nyingi haitokani na wizi wala uzembe. Hutokana na kuagiza kipuri kabla ya kuuliza maswali.

Asili ya mashine na aina zake

Neno "katapila" limetokana na jina la kampuni. Mwaka 1904, huko Stockton katika jimbo la California, Marekani, Benjamin Holt alilijaribu trekta lake la mvuke likiwa na minyororo badala ya magurudumu ya nyuma, kwa sababu magurudumu yalikuwa yakididimia katika ardhi laini ya mashamba ya huko. Mwaka 1925 kampuni ya Holt iliungana na ya mshindani wake, C. L. Best, ikazaliwa kampuni ya Caterpillar. Hivi leo viwanda vingi vinatengeneza mashine za aina hii, lakini watu wa mwambao wameendelea kuziita zote makatapila.

Makatapila madogo mengi huwa na uzito wa tani 7 hadi 10. Kwa upande wa mwendo yanagawika katika makundi mawili, na ni lazima mhusika ajue lake ni la kundi gani kabla ya jambo lolote.

Kundi la kwanza ni la mashine za zamani. Nguvu ya injini hupita katika klachi kubwa au katika konveta, ambayo ni chombo kinachopeleka nguvu kwa msukumo wa oili, kisha huingia katika giaboksi. Kutoka hapo hugawanywa kulia na kushoto kwa klachi mbili za kukatia kona, kila moja ikiwa na breki yake. Mwisho hufika katika giaboksi ya ubavuni, inayozungusha gurudumu la meno linaloitwa sproketi, na sproketi huuvuta mnyororo.

Kundi la pili ni la mashine za mfumo wa haidrostatiki. Humu hamna klachi za kukatia kona wala gia za kubadilisha. Injini huzungusha pampu mbili za oili, moja ya mnyororo wa kulia na moja ya mnyororo wa kushoto. Kila pampu hupeleka oili yenye presha kubwa kwa mota yake, na mota huzungusha giaboksi ya ubavuni. Kuna pia pampu ndogo ya kulishia. Kazi yake ni kurudisha oili inayovuja ndani kwa ndani, kutia nguvu vali za kuongozea, na katika mashine nyingi kufungua breki ya kuegeshea. Breki hiyo hukazwa na springi na hulegezwa na presha ya oili. Kwa hiyo presha ya kulishia ikiwa ndogo mno, breki haifunguki sawasawa, na mashine husimama ilhali pampu zake kubwa ni nzima.

Makundi yote mawili yanafanana kwa jambo moja. Minyororo miwili ni mithili ya makasia mawili ya mtumbwi. Mpigaji kasia wa upande mmoja akichoka, mtumbwi huelekea upande wake. Akichoka mwenye chombo mzima, yaani injini au pampu ya kulishia, makasia yote mawili hulegea.

Usalama kwanza

Kabla ya mtu yeyote kuisogelea mashine kwa uchunguzi, iegeshwe pahala palipo sawa, bamba la kusukumia udongo literemshwe mpaka chini, breki ifungwe, injini izimwe na ufunguo uondolewe. Watoto na watazamaji wawekwe mbali.

Mambo matatu yanahitaji hadhari ya pekee. La kwanza ni oili ya haidroliki, ambayo katika mifumo hii presha yake huweza kupita kilo 350 kwa kila sentimita moja ya mraba. Uvujaji wa tundu dogo kama ncha ya sindano hupenya ngozi. Basi uvujaji usitafutwe kwa kiganja cha mkono. Utafutwe kwa kipande cha boksi au ubao. Aliyepenywa na oili apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama jeraha ni dogo na haliumi, na daktari aelezwe kwamba ni oili ya presha, kwani jeraha hilo huhitaji kupasuliwa haraka.

La pili ni grisi inayokaza mnyororo, ambayo nayo imo ndani ya silinda yenye presha kubwa. Anayetaka kuulegeza mnyororo aifungue vali yake pole pole, isizidi mzunguko mmoja, wala asiweke uso mbele yake.

La tatu ni kuikokota mashine iliyokwama. Katapila lisikokotwe kabla breki zake hazijafunguliwa na njia ya oili haijalegezwa kwa utaratibu ulioandikwa katika kitabu chake. Mashine nyingi zilizokuwa na hitilafu ndogo zimeharibika vibaya kwa kukokotwa.

Mambo mepesi yaangaliwe mwanzo

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mfumo wa mwendo, ufa huonekana kwa macho kabla haujahitaji vipimo. Dereva na fundi waangalie mambo yafuatayo kwa utaratibu, na kila walilolikuta waliandike.

(a) Oili. Itazamwe kiwango chake na hali yake. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Oili yenye povu inavuta hewa, na hiyo huingia katika mpira au klipu ya upande wa kunyonya. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua imepata joto kupita kiasi.

(b) Filta. Filta kuukuu ikatwe na kufunguliwa. Vumbi laini la chuma ni jambo la kawaida, lakini vipande vinavyong'aa au chembe za shaba ni dalili kwamba kitu kinalika ndani. Hapo mashine isiendelee kufanya kazi, kwani chembe hizo husafiri na oili na kuharibu vyombo vilivyo vizima.

(c) Minyororo. Mnyororo uliokazwa mno hula nguvu ya injini na hulika upesi. Uliolegea mno huruka meno au hutoka njiani. Chukua fimbo iliyonyooka, ilaze juu ya mnyororo, kisha pima kina cha bonde lililo chini yake. Kwa mashine nyingi za ukubwa huu huwa baina ya sentimita 2 na 5, lakini kipimo cha kufuatwa ni kile cha kitabu cha mashine yenyewe. Udongo na mawe yaliyojikusanya katika sproketi yaondolewe kabla ya kupima, kwa sababu tope likigandamana humo hukaza mnyororo kuliko ilivyokusudiwa.

(d) Giaboksi za ubavuni. Kila moja ina oili yake peke yake, na mara nyingi husahauliwa. Itazamwe kama inavuja kwenye sili karibu na sproketi. Baada ya kazi, joto la upande mmoja lilinganishwe na la upande wa pili. Ulio moto zaidi ndio wenye taabu.

(e) Nyaya na swichi. Katapila la kisasa lina swichi kwenye kiti na kwenye mkono wa kufungia mwendo. Swichi moja ikikosa kugusa, mashine hukataa kuondoka kana kwamba imekufa. Kama mashine ina kioo kinachoonesha namba za hitilafu, namba hizo ziandikwe kabla ya kufutwa.

(f) Rejeta na kipozea oili. Majani na vumbi vikiziba mapezi yake, oili huchemka na nguvu hupungua.

Maswali manne

Mambo hayo yakiisha kuangaliwa na taabu bado ipo, ndipo yaulizwe maswali manne. Dereva ndiye shahidi mkuu hapa, na asikilizwe bila ya kutishwa. Dereva anayeogopa kulaumiwa huficha habari, na habari iliyofichwa ndiyo inayonunua kipuri kisichohitajika.

Swali la kwanza: Ni upande mmoja au pande zote mbili? Kama pande zote mbili zimedhoofika kwa pamoja, si jambo la kawaida pampu mbili kufa siku moja. Kitafutwe kile kinachozitumikia pande zote: injini, kiwango cha oili, filta, pampu ya kulishia, breki ya kuegeshea; na kwa mashine za zamani, klachi kubwa au konveta. Kama ni upande mmoja tu, vitu hivyo vya pamoja huwa vimeondokewa na dhana, na uchunguzi uelekezwe kwenye mnyororo, giaboksi ya ubavuni, breki, mota, pampu au klachi ya upande huo.

Swali la pili: Injini inazidiwa au inaendelea kuimba? Mashine ikielekezwa kwenye mzigo ikasimama, isikilizwe sauti. Injini ikishuka na kutaka kuzimika, basi nguvu inafika kwenye minyororo, ila ama injini yenyewe ni dhaifu, ama kuna kinachozuia, kama vile breki isiyofunguka au mnyororo uliokaza. Injini ikiendelea kuimba kwa sauti ile ile ilhali mnyororo umesimama, nguvu inapotea njiani: klachi inateleza, au oili inapita pasipotakiwa ndani ya pampu, mota au vali.

Swali la tatu: Ni asubuhi au ni baada ya kupata moto? Mashine inayofanya kazi vizuri asubuhi na kulegea baada ya saa mbili huonesha kwamba oili, ikishakuwa nyepesi kwa joto, inavuja ndani kwa ndani kupitia vyuma vilivyolika, au kwamba kipozea oili kimeziba. Mashine iliyo dhaifu baridi na moto sawa sawa huelekeza zaidi kwenye vali, marekebisho ya mikono ya kuongozea, au nyaya.

Swali la nne: Ni kwenda mbele tu, kurudi nyuma tu, au kote kuwili? Katika mfumo wa haidrostatiki kila mwelekeo huwa na vali yake ya kuzuia presha isipite kiasi. Upande ukiwa mzima kwa kurudi na dhaifu kwa kwenda, haielekei kwamba pampu nzima au mota nzima imekufa, kwani vyombo hivyo hufanya kazi kote kuwili. Vali ndogo ndiyo ya kushukiwa kwanza, na bei ya vali hailingani hata kidogo na bei ya pampu.

Majibu ya maswali haya humpa fundi uwezo wa kutumia njia ya kubadilishana. Kwa kuwa kulia na kushoto ni sawa, kitu kinachoshukiwa huhamishiwa upande wa pili. Vali ya kushoto ikipelekwa kulia na udhaifu ukahama nayo, basi ushahidi umepatikana. Udhaifu ukibaki ulikokuwa, vali haina kosa. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye ujuzi, usafi ukiwa jambo la kwanza, na mashine ijaribiwe katika uwanja mtupu.

Kipimo cha mwisho ni geji. Presha ya kulishia katika mashine nyingi huwa karibu na kilo 20 hadi 30 kwa sentimita ya mraba. Ikiwa chini ya kile kilichoandikwa katika kitabu, hakuna haja ya kuzungumzia pampu kubwa mpaka sababu yake ijulikane. Geji yenye kuaminika pamoja na vifungo vyake ni kitu cha bei ndogo mno mbele ya pampu moja, na kila karakana ya mashine nzito inafaa kuwa nayo.

Mifano miwili

Tuchukue mfano wa katapila linalofungua barabara ya ndani katika ardhi ya mfinyanzi. Mvua imenyesha usiku. Mashine inavuta kushoto, mbele na nyuma, tangu asubuhi, na injini inazidiwa. Mtu wa haraka atasema pampu ya kushoto imekwisha. Lakini majibu yanasema vingine: upande mmoja, kote kuwili, baridi na moto sawa, injini inazidiwa. Nguvu basi inafika, na kuna kinachozuia. Sproketi ya kushoto ikitazamwe huenda ikakutwa imejaa mfinyanzi na mawe, na mnyororo umekaza kama kamba ya tanga. Dawa yake ni koleo, maji na kulegeza grisi kidogo.

Mfano wa pili ni wa katapila linalofanya kazi jaani au katika shamba lililokatwa vichaka. Asubuhi linasukuma vizuri. Kufika saa tano pande zote mbili zimelegea, na injini inaimba. Vitu vya pamoja na joto ndivyo vinavyoshitakiwa. Rejeta na kipozea oili vikisafishwa, filta ikibadilishwa, na kipuri cha upande wa kunyonya kikakazwa, mara nyingi nguvu hurudi. Zisiporudi, hupimwa presha ya kulishia, na hapo tu ndipo mazungumzo ya kununua huanza, yakiwa na hesabu mkononi.

Mazingira ya visiwa

Visiwa vina adui wawili wasiotajwa sana katika vitabu vya viwandani. Wa kwanza ni ardhi yenyewe. Mawe ya matumbawe na mchanga husaga pini na vibao vya minyororo kwa haraka. Sproketi ambayo meno yake yamechongoka haifai kufungiwa mnyororo mpya, kwani italisaga jipya kama ilivyolisaga kuukuu. Wa pili ni hewa ya chumvi. Viunganishi vya nyaya huota kutu ya kijani, na kihisi kilicho kizima huonekana kimekufa. Kabla ya kuagiza kihisi kipya, kiunganishi chake kifunguliwe, kisafishwe, kikaushwe na kufungwa tena.

Wajibu wa kila mmoja

Dereva anakumbushwa kuiandika mita ya saa, oili aliyoongeza na kila dalili aliyoiona, siku ile ile. Kuongeza oili kila siku bila ya kuuliza inakokwenda ni sawa na kujaza pakacha maji.

Fundi anatakiwa ayaandike majibu ya maswali manne katika karatasi ya kuombea kipuri, pamoja na vipimo vya geji. Mtunza stoo aiweke oili na filta pahala safi, wala asitoe oili ya aina nyingine kwa sababu tu ndiyo iliyopo.

Mkuu wa ofisi na karani wa manunuzi, wanapoletewa karatasi ya pampu au mota, wayatazame majibu hayo kabla ya kutia saini. Karatasi isiyo na majibu irudishwe kwa heshima. Huko si kumdharau fundi. Ni kumlinda yeye na kuilinda saini.

Masheha na wananchi nao wanaombwa wasiichoche mashine ifanye kazi baada ya dereva kusema imechoka, wawazuie watoto kuipanda, na wakiona oili imedondoka njiani ilipopita, wamwarifu dereva au ofisi inayohusika. Tone moja lililoonekana mapema na mpita njia laweza kuokoa giaboksi nzima.

Mashine hizi ni chache na kazi zake ni nyingi. Siku moja ya kuuliza na kupima si siku iliyopotea. Iliyopotea ni miezi ya kusubiri kipuri ambacho mashine haikukihitaji.